Aliyetaka Kuonyeshwa Kasha la Dhahabu

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilinifika mimi mwenyewe, mchana kweupe, nyumbani kwangu Mishomoroni. Uamini usiamini, sikuzidishii neno.

Mwaka ule kabla ya uhuru dada yangu alifariki, akaniachia amana: dhahabu zake za harusi, ili binti yake Zuhura azivae siku akiolewa. Mume wangu alitaka tununue sanduku la bati lenye kufuli. Nikamuuliza, sanduku ambalo mwizi aweza kulitia kwapani lina faida gani? Tukapata kasha la chuma kwa Mzungu mmoja wa Nyali aliyekuwa akiuza vyombo arudi kwao. Zito, hata hamali walihema kulishusha. Mume wangu akasema liwekwe chini ya kitanda. Nikakataa, mwizi si huanzia hapo? Tukalifukia sisi wenyewe kwenye sakafu ya ghala, mlango wake ukiangalia juu, tukalizungushia simiti, tukalaza magunia ya makaa juu yake. Mahali pake tulipajua sisi wawili tu.

Alasiri moja, mume wangu yuko kazini bandarini, nikasikia hodi. Ni shangazi yangu Mwanamisi wa Likoni: buibui lake, sauti yake, hata ule mwendo wake wa kuburura mguu. Nikamwamkia shikamoo, nikambusu mkono. Ulikuwa baridi, nikasema labda ni upepo wa kivukoni.

"Mwanangu, nasikia mna kasha la chuma. Nionyeshe lilipo, nami niweke vikuku vyangu."

Wallahi nilikuwa tayari kumwonyesha. Shangazi yangu ningemficha nini? Ila mgeni hupewa kahawa kwanza. Nikammiminia, imetoka motoni inatokota. Akaibugia yote kwa mkupuo mmoja, asipulize, asikunje uso. Hapo nywele zikanisimama.

"Shangazi," nikamwambia, "sema bismillahi, twende."

"Nionyeshe kasha."

"Sema bismillahi kwanza."

"Nionyeshe kasha." Safari hii sauti haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume.

Nilisimama mlangoni mwa ghala nikasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Nilivyozidi kusoma ndivyo alivyozidi kufupika, hata buibui likaanguka sakafuni, ndani yake hamna mtu. Mume wangu aliporudi tulilichoma uani. Lilinuka nywele.

Kesho yake nikavuka hadi Likoni. Shangazi yangu alikuwa kitandani na homa, hajatoka nje tangu juzi. Na mtaani kwetu, jirani zetu wawili walipotelewa na dhahabu zao. Kila mmoja aliapa kuwa alimfungulia jamaa yake.

Zuhura aliolewa baada ya bendera yetu kupandishwa. Alitoka na dhahabu zote za mama yake, hazikupungua hata kipini, nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.

Hadi leo hata wanangu hawajui kasha liko wapi. Nawe ukinunua la kwako, lichague zito, lishikishe sakafuni, kisha ufunge mdomo. Na hata nikija mimi mwenyewe kukuuliza ulipoliweka, usinionyeshe.