Siku Tuliyobadilisha Paipu za Breki

Mama ndiye aliyempigia ndugu yangu simu, bila kuniambia. Mimi nilikuwa uani, nyumbani kwetu karibu na Chepseon. Nilikuwa nimeinua pikapu ya marehemu baba kwa jeki na kuweka mawe kwenye magurudumu. Paipu za mpira zinazopeleka mafuta ya breki zilikuwa zimepasukapasuka kama visigino vya mtembea pekupeku, na ya mbele kushoto ilishaanza kuvuja. Kutoka kwetu hadi kituo cha kuuzia majani chai ni mteremko mtupu.

Paipu mpya nilizifunga peke yangu. Lakini kutoa hewa kwenye breki ni kazi ya watu wawili: mmoja akanyage pedali, mwingine awe chini akifungua na kufunga skrubu. Mama alijaribu kukanyaga, goti likamkataa. Akaingia ndani, nikadhani ameenda kupumzika.

Mchana ndugu yangu akashuka kwenye bodaboda, ametoka Londiani. Hatukuwa tumezungumza tangu tumzike baba. Yeye alitaka kung'oa majani chai ya bondeni apande viazi, mimi nikakataa, na mbele ya wajomba kila mmoja akasema maneno yasiyosemwa kwa ndugu. Akahama, akakodi shamba kule la kulima viazi vyake.

"Chamgei," akanisalimu.

"Chamgei."

"Nani anaingia chini?"

"Mimi."

Akavua kiatu cha kulia kabla ya kuketi kwenye usukani. Baba alitufundisha hivyo, kwamba breki husikizwa kwa unyayo. Nikalala chali kwenye gunia, nikiuona ule mguu kupitia mlango ulioachwa wazi.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Haya, achia."

Tukaenda hivyo gurudumu kwa gurudumu. Mara moja mafuta yalinirukia mashavuni nikapiga kelele, naye akacheka, nami nikacheka. Mama alichungulia kutoka jikoni, kisha akarudi ndani haraka kama mtu anayeogopa kufukuza ndege.

Tulikuwa kwenye gurudumu la mwisho aliposema, kwa sauti ya chini, "Unajua, mimi siku ile…"

Skrubu ilikuwa wazi, mafuta yanachuruzika mkononi mwangu. "Ngoja," nikasema. "Kanyaga kwanza."

Akakanyaga. Hewa ikaisha, nikafunga skrubu, pedali ikawa ngumu. "Iko sawa sasa," akasema, akaanza kutafuta kiatu chake.

Ningeweza wakati ule kuiacha skrubu wazi, nitoke, niketi kando yake. Mafuta ya breki yangemwagika tu, tungeongeza mengine. Badala yake nilianza kukusanya spana. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa msitu, naye akanywa chai akiwa amesimama, akamuaga mama kwa mikono miwili na kuondoka.

"Mmeongea?" mama akaniuliza.

"Tumeongea, mama."

Akafurahi sana. Jioni hiyo alichinja kuku, akampelekea jirani paja zima.

Mwaka uliofuata ndugu yangu alipata kazi ya udereva Uarabuni. Mama alipofariki hakupewa ruhusa ya kuja. Aliyaona mazishi kwenye simu ya binamu yetu, na mara mbili mtandao ukakatika. Majani chai ya bondeni niliyang'oa mwenyewe baadaye, maana hayakuwa na wa kuyachuma.

Siku hizi tunapigiana simu. Krismasi iliyopita nilijipa moyo, nikamuuliza siku ile ya breki alitaka kuniambia nini.

"Siku gani?"

Nikamweleza. Nikasikia magari yakipita huko aliko.

"Ndugu yangu, sikumbuki," akasema. "Kweli sikumbuki."

Nikamwambia si kitu. Akauliza kama huku kumenyesha, nikamwambia ndiyo, kumenyesha vizuri.