Nilihesabu vibaya masaa ya ndege Nairobi hadi London, na mama akafagia nyumba mapema

Niaje wakuu. Juzi kuna mtu hapa aliuliza Nairobi mpaka London ni masaa mangapi kwa ndege. Ni kama tisa hivi, karibu kilomita elfu saba.

Mimi nililijua jibu hilo kwa njia mbaya. Ninayoandika niliyaona mwenyewe. Asiyetaka kuamini, ruksa.

Ilikuwa mtaa wa Mbotela, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwezi wa January. Nilikuwa Form Two, msichana wa kujifanya najua hesabu kuliko mwalimu. Kaka yangu Mutiso alikuwa amepata nafasi ya kusoma Uingereza.

Sasa, mama yangu ni mtu wa Machakos. Kwake, mtu akisafiri mbali, nyumba haifagiliwi mpaka afike. Ukifagia akiwa njiani, unamfagia na yeye. Baba alikuwa akicheka mambo hayo, lakini siku kama hizo ufagio hakuugusa.

Tulimsindikiza uwanja wa ndege wa Embakasi asubuhi. Baba akaenda kazini, sisi tukarudi nyumbani. Mama akaniuliza Mutiso atafika saa ngapi.

Nikatazama karatasi aliyotuachia. Kuondoka saa tatu asubuhi, kufika saa tisa alasiri. Nikamjibu bila kufikiria mara mbili: masaa sita tu.

Saa tisa na dakika tano mama akashika ufagio. Alifagia huku akiimba, taka akamwaga kwenye pipa la pamoja la plot.

Baba alirudi saa kumi na moja. Akatazama sakafu.

"Nani amefagia?"

"Ni mimi. Si ameshafika?"

"Hiyo saa tisa ni ya huko. Wako nyuma yetu masaa matatu. Mutiso bado yuko hewani."

Mama hakulia. Alichukua karai, akaenda kwenye pipa. Taka za nyumba sita zilikuwa zimechanganyika, kwa hiyo alizibeba zote. Mama Wanjiru wa mlango wa pili akamuuliza, "Kwani umepoteza nini?"

"Mtoto," mama akasema.

Akamwaga zote sebuleni, maganda ya viazi, majivu, nywele za watu. Akaketi hapo hapo chini. Mimi nilisimama mlangoni.

Barua ya Mutiso ilifika baada ya wiki tatu. Hakuna aliyekuwa amemwandikia lolote. Baba akatusomea.

Alisema saa yake ya mkono bado ilikuwa ya Nairobi. Baada ya saa tisa kidogo, mhudumu alileta chakula akampita. Akamwita, hakugeuka. Mzungu mzee aliyekaa kando yake akaweka koti juu ya magoti ya Mutiso, kama kiti hakina mtu. Mutiso aliogopa hata kumgusa.

Ilipofika saa kumi na moja na nusu mzee akashtuka, akaondoa koti, akamuuliza alikuwa wapi muda wote huo.

Baba alikunja barua. Hakucheka tena mambo ya mama mpaka anakufa.

Funzo ni hili: masaa ya kwenye tikiti ni local time ya kila upande. Usitoe tu moja kutoka kwa nyingine.

Kaka yuko hai, ana wajukuu huko. Akinipigia simu husimulia safari hiyo kama kichekesho, nami hucheka naye. Miaka yote hii sijamwambia ni mimi niliyehesabu.

Wakuu, nyinyi mngemwambia?