Jaribio Nyuma ya Fomu ya Mama Limi

Leo nimepata sifuri ya hesabu, wala sijutii. Nimechoka tu.

Karatasi zimeadimika, kwa hiyo mwalimu alituchapia jaribio nyuma ya fomu za zamani za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba.

Nikageuza yangu. (Mnanijua, siachi kusoma kitu.)

Ilikuwa ya jirani yetu, Mama Limi. Jina lake kamili, halafu ugonjwa: kifafa. Hapa mtaani kwetu Kambarage hakuna aliyejua.

Sikuikusanya. Jioni nimempelekea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umesoma?"

"Ndiyo. Nisamehe."

Akaikunja mara nne, akaishika kifuani.

"Na za wenzangu wa kiwandani, ziko kwa nani?"

Darasani tuko arobaini, na wengine wote wamemkusanyia mwalimu.