Wimbo wa Lori la Chumvi

"Hivi ndugu yako kamwimbia nani ule wimbo?"

Bi Sabiha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Mabawa, aliniuliza hivyo siku moja tukianua nguo, mvua imeshakaribia. Hakuuliza kwa ubaya. Kwetu Tanga wimbo ukitoka, watu hutafuta mwenyewe: nani kapigwa kijembe, nani kasifiwa, nani kaachwa. Nikamjibu kwamba hakumwimbia mtu, na kweli hakumwimbia mtu. Akanitazama kama mtu aliyefichwa jambo, akachukua beseni lake akaingia ndani.

Ndugu yangu huyo ni Abass, kaka yangu wa tumbo moja. Baba yetu, Mola amrehemu, alikuja Tanga kutoka Pemba na biashara ya karafuu, biashara ikamshinda, akabakia. Abass hakuwa na kichwa cha duka. Alipomaliza darasa la saba alikwenda kufanya kazi kwenye shamba la mkonge njia ya Muheza, akawa fundi wa mashine inayokamua majani. Huko ndiko alikojuana na Eliudi, Mbondei, mpishi wa meneja.

Meneja alikuwa Mgiriki mwenye santuri nyingi za makauboi, wale wachunga ng'ombe wa Marekani. Jioni alizipiga madirisha yakiwa wazi, na Abass alikuwa akikaa nje ya jiko kusikiliza. Magitaa yale yalimwingia. Kiingereza hakikumwingia, basi akawa anamuuliza Eliudi, aliyeokota maneno mawili matatu kwa kazi yake, wanaimba nini. Eliudi alipenda kutuhadithia mazungumzo yale.

"Huyu analia mke kamkimbia."

"Na huyu wa pili?"

"Naye kakimbiwa."

"Na huyu anayechekacheka?"

"Huyo mke karudi, kisha kakimbia tena. Usitafute zaidi, bwana, muziki wenyewe ndio huo."

Eliudi alitania, lakini kaka yangu alilichukua kama somo. Akaamini kwamba katika muziki ule lazima mke aondoke, kama vile kasida lazima imswalie Mtume. Bila hivyo wimbo haujawa wimbo. Gitaa lake la kwanza alilichonga kwa ubao wa sanduku la chai, nyuzi zikawa waya za breki za baiskeli, na wimbo wake wa kwanza ulikuwa wa mke aliyekimbia, naye hata mchumba hana.

Alimwoa Thuwaiba katika miaka ile ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, unga wa njano foleni. Thuwaiba alikuwa msichana wa Mkwaja, kijiji cha pwani, mpole, mwenye kucheka bila sauti, na katika foleni alikuwa akinishikia nafasi mpaka wenzake wakamnung'unikia. Hawakujaaliwa mtoto. Shambani kukawa hakuna vipuri, mashine zikasimama moja moja, mwisho shamba likafungwa na Abass akarudi Mabawa mikono mitupu na gitaa. Eliudi naye akashuka mjini, maana meneja alikwishakwenda kwao.

Nyumba ile ilisimama kwa Thuwaiba. Biashara ziliporuhusiwa, alianza kupeleka Mkwaja sabuni, kanga na mitumba, kuwauzia watu wa mashamba ya chumvi ambao duka hawakuwa nalo. Akilala kwa shangazi yake siku kadhaa, akirudi. Usafiri wake ulikuwa lori la chumvi, lile lililoleta magunia mjini na kurudi tupu. Barabara ile mabasi yalikuwa ya kubahatisha, na mvua ikinyesha hata ya kubahatisha hayapo. Kila mtu hapa mtaani alijua Thuwaiba anapanda lori la chumvi. Hakukuwa na aibu ndani yake. Alikuwa akienda kutafuta riziki ya halali, na mumewe akimbebea mzigo mpaka kwenye lori.

Abass na Eliudi wakaunda bendi, watu wanne, wakaiita Kofia Pana. Kofia zenyewe tulizisuka mimi na wifi yangu kwa ukindu, tukizikunja kingo kama walivyotuonyesha kwenye jalada la santuri. Mimi si mtu wa madansi, na kaka yangu aliyajua mawazo yangu, lakini kusuka kofia sikuona dhambi. Thuwaiba alimjaribisha ya kwanza, akasema anafanana na mzungu aliyepotea njia ya Pangani.

Kisha akatokea Shehzad, mtoto wa mzee Rehmatulla wa duka la vitambaa. Yeye alikuwa kaleta mashine za kurekodia kutoka Dubai, na kanda tupu katoni kwa katoni. Akawaambia watoe albamu. Neno lile wakalitembeza mtaa mzima: albamu. Walirekodia kwenye bohari la vitambaa, majora yakipangwa ukutani yazuie mwangwi, na kila umeme ulipokatika walianza upya.

Sasa wimbo wenyewe. Abass alikuwa kautunga kwa treni, kama santuri zilivyokuwa na treni. Eliudi akamkatiza wakiwa mazoezini uani kwangu, ninasikia. Akamuuliza treni ya abiria mara ya mwisho aliiona lini, na mke gani atakayekimbia kwa treni isiyofika. Wakacheka sana. Abass akafikiri kidogo, akatafuta kitu ambacho watu wa Tanga wanakiona kikiondoka kweli kweli, akaweka lori la chumvi. Likaingia kwenye mizani sawasawa:

Kapanda lori la chumvi, hakuniaga mwenzangu,
Jikoni mebaki jivu, na vumbi machoni pangu.

Hakufikiri zaidi ya hapo. Thuwaiba mwenyewe alikuwepo, anachambua mchele, akasema wimbo mtamu.

Albamu ilipotoka, uliopendwa ulikuwa huo tu. Ulipigwa kwenye migahawa, kwa vinyozi, sokoni. Na hapo ndipo kila mtu alipoanza kuuliza alichoniuliza Bi Sabiha, na kwa kuwa sikuwa na jina la kuwapa, wakajijibu wenyewe. Mwanamke wa lori la chumvi hapa Mabawa alikuwa mmoja. Wakasema kumbe Mkwaja ana mtu. Wakasema mume kaficha siri mpaka kaimwaga kwenye kanda. Thuwaiba akipita, mtu anaanza mstari wa kwanza taratibu, kama anajiimbia mwenyewe.

Alivumilia mpaka harusi ya binti wa jirani yetu. Kofia Pana walialikwa kupiga alasiri, uani, wanawake tumeketi mikekani. Ukafika ule mstari wa jivu. Mwanamke mmoja mfanyabiashara, muuza sabuni kama Thuwaiba, akainuka na noti juu ya kichwa, akicheza. Kwetu mtu hutunza pale wimbo unapomgusa au unapomgusa hasimu wake, na pesa humpelekea mwimbaji. Yule hakwenda kwa mwimbaji. Alizunguka mikeka yote, akainama, akaiweka noti mapajani kwa Thuwaiba.

Gitaa liliendelea, maana Abass alikuwa kafumba macho akiimba, hakuona. Wifi yangu akaikung'uta noti kama mtu anayekung'uta makombo, akatafuta viatu vyake, akatoka.

Nyumbani nilikuwepo walipozungumza, kwa sababu Thuwaiba alinishika mkono nisiondoke. Hakupiga kelele.

"Kama si wangu, sema ni wa nani."

"Si wa mtu. Ni wimbo tu."

"Abass, wimbo gani hauna mwenyewe?"

Kaka yangu akamweleza habari za makauboi, kwamba wao wote huimba hivyo, hata walio na wake zao ndani. Nilimwona Thuwaiba akijitahidi kuamini. Labda yeye aliamini. Lakini angeipeleka wapi imani hiyo, ampitishie nani mtaani, mlango hadi mlango?

Eliudi akaja na shauri lake. Akasema Abass atangaze kwamba wimbo ni wa mwanamke wa kule milimani Amani aliyemjua ujanani, nani atapanda mlima kwenda kuuliza. Abass akakataa. Akasema hakuwa na mwanamke Amani wala kwingine, na akimzua mmoja atakuwa kamletea Thuwaiba mke mwenza wa uongo. Akaenda badala yake kwa Shehzad, akamwomba autoe wimbo ule kwenye albamu. Shehzad si mtu mbaya, alimkaribisha chai. Lakini alimwambia, "Kaka Abass, hapa watu hawaniombi Kofia Pana. Wananiomba ile ya lori. Nikiitoa hiyo niuze nini, kofia?"

Abass akaacha kuuimba. Haikusaidia, kanda iliimba yenyewe.

Karibu na Ramadhani Thuwaiba alifunga nguo zake. Mvua ilikuwa imekata njia kwa mabasi, hapakuwa na namna ila lori lile lile. Watu walisimama milangoni wakamtazama akipanda, na wimbo ukawa umetimia mbele ya macho yao. Aliniambia, "Wifi, sina ugomvi na kaka yako, wala sitaki talaka. Nimechoka kuimbwa nikipita."

Baada ya Idi nilifuatana na Abass kwenda Mkwaja, maana mume haendi peke yake kumfuata mke ukweni. Shangazi yake alitupokea vizuri. Thuwaiba alimwamkia mumewe, akampikia. Yalizungumzwa ya kuzungumzwa, na asubuhi akatoka na kifurushi chake. Alikubali kurudi. Sikupata kumwona kaka yangu na uso ule tangu harusi yao.

Lori lilikuwa la zamu ya chumvi, dereva kijana tusiyemjua. Alipomsikia shangazi akimwita Abass kwa jina, akauliza kama ndiye Abass wa Kofia Pana. Akafurahi kupita kiasi. Akatupa wote nafasi mbele, akafuta kiti kwa kitambaa chake, na tulipoondoka tu akachomeka kanda. Hakujua lolote. Kwake ilikuwa heshima, kambeba mwenye wimbo na wimbo wake.

Abass akanyoosha mkono kuzima. Kijana akacheka, akamzuia, "Usione haya, mzee." Thuwaiba alikuwa katikati yetu. Alisikiliza ubeti wa kwanza mpaka mwisho, anaangalia mbele. Kisha akagonga dashibodi kwa kidole, pole pole, akasema ashushwe. Akashuka na kifurushi, akatembea kurudi alikotoka, hakugeuka. Abass alishuka naye akasimama barabarani. Nilimwambia amfuate. Alitikisa kichwa, akapanda tena, na dereva akaitoa kanda mwenyewe.

Kofia Pana haikutoa albamu ya pili. Vijana walitaka disko, kanda ya ile ya kwanza ikanakiliwa na kila mwenye redio, na Eliudi akarudi kwao Muheza kulima. Abass aliuza gitaa, akawa anatengeneza pampu za maji mpaka kifua alichotoka nacho kwenye vumbi la mkonge kilipomzuia. Talaka hakutoa na Thuwaiba hakuidai. Kila mwezi alimpelekea mchele na mafuta ya taa kwa lori, na Thuwaiba alivipokea, akiwauliza waliovileta hali ya mumewe. Mtaani walikwishaamua kwamba waliachana zamani, na wakimtaja wifi yangu walimwita mwanamke wa lori.

Mwaka huu wa mwisho nimemhamishia Abass chumba cha mbele kwangu, apate hewa. Haongei sana, anapumzika kati ya neno na neno. Juzi baada ya swala ya alasiri nilikuwa nampa uji, akanishika mkono wenye kijiko, akasema:

"Mdogo wangu, nikiondoka usihangaike kuwaeleza watu habari ya wimbo. Panda uende Mkwaja, ukamlete Thuwaiba akae eda ya kufiwa nyumbani kwangu, mlango ukiwa wazi, Mabawa nzima wamwone kuwa ni mke wangu. Akikataa, usimlazimishe."