Mgeni wa Kwenye Daftari

Somo lile la wajawazito nililinakili kwa siku mbili, maana mimi huandika polepole. Niliishia darasa la saba na mkono wangu haujaizoea kalamu. Nesi ninayejitolea kumsaidia vijijini alinipa karatasi yake, akasema, "Safari hii utafundisha wewe. La damu ndilo tunalolifuata kule. Mjamzito akiiona, hata kidogo, asingoje. Mengine wakiyasahau tutarudia."

Nyumbani kwetu Katandala, mjini Sumbawanga, nilinakili yote, isipokuwa neno hilo moja. Kulitamka mbele ya watu wazima nilikuwa siwezi. Shuleni, sisi wasichana tulikuwa tukisema "mgeni". Ukisema umepata mgeni, mwenzako anakupa sweta ujifunge kiunoni, basi, yamekwisha. Kwa hiyo kila palipoandikwa damu, niliandika mgeni. Niliona nimepata neno la adabu.

Kijiji chenyewe kiko juu, kabla barabara haijaanza kuteremka kwenda Muze. Tulifika Jumapili, watu wakitoka kusali. Wanawake walibaki ndani ya kigango, wengine wakinyonyesha, wengine wamejifunika mablanketi kwa sababu ya upepo. Nesi alikwenda nje kuwapima watoto uzito. Nikabaki na daftari langu.

Niliwaamkia, nikasoma bila kuinua macho. "Mama mjamzito akipata mgeni, asikae nyumbani. Aende zahanati haraka, hata kama ni kidogo."

Kisha bibi mmoja aliyekaa mbele akauliza, "Mjukuu wangu, huyo mgeni mdogo ni mtoto wa nani?"

"Si mtoto, bibi. Ni mgeni tu."

"Sasa nimkimbie mgeni wangu? Nani atamsongea ugali?"

"Mimi mawifi wakija nitakimbilia hukohuko zahanati!" mwingine akadakia. "Tena nitalala!"

Wakacheka. Bibi akawaeleza kwa Kifipa wale ambao hawakuelewa, kicheko kikaanza upya. Nami nikajificha nyuma ya daftari.

Mmoja tu hakucheka. Alikuwa msichana wa rika langu, mimba imeshaonekana, amekaa nyuma ya yule bibi. Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalize kusema.

Nesi aliingia kuuliza tunachekea nini. Bibi akamwambia. Nesi akachukua daftari, akasoma, akanitazama. Hakunifokea. Alinirudishia tu, akasema, "Sema neno lenyewe."

"Damu," nikasema. "Mjamzito akiona damu, hata tone moja, aende zahanati siku hiyohiyo."

Hakuna aliyeinamisha kichwa ila mimi. Ndipo yule msichana akauliza, kwa sauti ndogo kuliko yangu, "Hata kama haiumi?"

"Hata kama haiumi," nesi akajibu. "Umeiona tangu lini?"

"Juzi."

Bibi akageuka. Kumbe alikuwa mama mkwe wake. "Juzi! Na jana ulichota maji! Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya, mama."

Nje palikuwa na pikapu ya mfanyabiashara wa mjini aliyekuja kununua ulezi. Nesi alizungumza naye, naye akashusha magunia yake bila maneno mengi. Tulitandika blanketi la bibi, msichana akalazwa, wakaondoka naye kwenda hospitali Sumbawanga, nesi upande mmoja, bibi upande mwingine.

Mimi nilibaki na wanawake. Nilisoma somo tangu mwanzo, safari hii neno likiwa mahali pake. Nilipomaliza, nikaazima kalamu, nikakaa kwenye benchi nikifuta mgeni mmoja mmoja. Ilinichukua muda, lakini hakuna aliyeniharakisha.

Mwezi uliofuata tulirudi. Hata sijashuka kwenye bodaboda, nikasikia sauti ya bibi kutoka njia ya kisimani.

"Mgeni kaja! Kimbieni zahanati!"

Alikuwa na ndoo ya maji kichwani. Tangu mkwewe aruhusiwe kutoka hospitali, maji anachota yeye, na hataki kusaidiwa. Msichana mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya kigango, tumbo limetangulia mbele. Alikuwa amefika kabla ya wote.

Safari hii naye alicheka.