Baba Alipoacha Kusalisha

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu karibu na Bugarama, akisalisha Jumapili padri asipokuwepo, na watu wote, hata wasio Wakatoliki, walimwita mwalimu. Tulipotakiwa kuhama milimani tukakae pamoja katika kijiji cha ujamaa, yeye ndiye aliyewatuliza walionung'unika. Aliwaambia kwamba hata Wakristo wa kwanza waliishi hivyo, mali yao ikiwa ya wote. Siku ya kuhama alitangulia, amebeba mlango wa nyumba kichwani. Mama alifuata akilia kwa ajili ya migomba, na makaburi ya watoto wake wawili tuliyoyaacha kule juu.

Kijijini tulipakana na mjane wa Kiislamu aliyetoka upande wa Biharamulo. Mwanawe na kaka yangu walilingana umri, wakawa marafiki. Vita na nchi jirani vilipoanza, wote wawili walikuwa mgambo. Mama hakutaka kaka aende. Baba alimwambia kwamba kulinda nchi nako ni kumtumikia Mungu. Waliondoka asubuhi kwa lori kutoka Ngara mjini, wakiimba.

Redio ilitangaza ushindi nasi tukashangilia. Wiki chache baadaye balozi wa nyumba kumi alikuja kwetu, akavua kofia kabla hajafika uani. Kaka alikuwa amekufa. Hakupigwa risasi. Alikufa kwa kuhara damu, mapigano yakiwa yamekwisha, na walimzika huko huko ng'ambo.

Jumapili iliyofuata baba hakwenda kusalisha. Iliyofuata pia hakwenda. Padri alikuja kwa pikipiki kutoka Rulenge, akazungumza naye kwa upole juu ya msalaba. Baba alimpa kiti, akamsikiliza, akamsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi aliniambia, "Hayo aliyosema nimeyafundisha miaka ishirini. Sikujua kwamba ni mepesi hivyo."

Wazee wa kigango waliniomba mimi niwasomee Maandiko, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza shule na Kiswahili changu kilikuwa safi. Nilisoma nikiwa na hasira. Kila nilipofika penye neno huruma, nililipita haraka, na watu wakadhani ni majonzi tu.

Kisha mtoto wa mjane akarudi. Tulisikia vigelegele upande wa pili wa ua, halafu vikakatika ghafla. Baadaye nilijua kwamba mjane mwenyewe aliwanyamazisha wanawake kwa sababu yetu. Mama alijifungia ndani. Mimi, naona aibu kuliandika hili, nilitamani angekufa yeye.

Siku ya tatu baba alivaa koti lake la misa akaniambia nimfuate.

Kijana alikuwa amekonda, ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba. Alitaka kusimama, baba akamzuia kwa mkono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Niambie mwanangu alivyokufa."

Alieleza polepole, akitazama chini. Wagonjwa walilazwa katika jengo la shule, na wenzao waliogopa kuwakaribia. Yeye alikwenda kila siku, akamwosha kaka, akafua nguo zake mtoni, akamnywesha uji hata alipoutapika. Siku ya mwisho kaka alimwomba amsalie.

"Sala zenu sizijui, mwalimu," alisema. "Nilimshika mkono tu. Nisamehe."

Baba, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu siku ya balozi, aliinama akalia mbele ya mjane na mbele yangu. Alichukua mikono ya yule kijana, akaiweka usoni pake. Sikujua nitazame wapi.

Jumapili ile alisimama tena mbele ya watu. Hakuhubiri. Alisema, "Nimemuuliza Mungu kwa nini, hajanijibu. Lakini najua nani alimwosha mwanangu, na najua aliyemtuma." Kisha akaanzisha Baba Yetu. Mama alikuwa ameketi karibu na mlango. Hakuitikia. Ilichukua miaka kabla hajamsamehe baba kwa kumruhusu kaka aende, na sina hakika kwamba alimsamehe kabisa.

Masika yaliyofuata ugonjwa ule ule uliingia kijijini. Baba alianza kwenda nyumba kwa nyumba, kwa Wakristo na kwa Waislamu, akiwaosha wagonjwa. Aliniomba nimsaidie. Nilikuwa bado sisali, nilisoma tu Jumapili kwa sababu niliombwa, lakini nilikwenda. Katika nyumba ya kwanza alilala bibi kizee aliyekuwa peke yake. Harufu ilinishinda, nikatoka nje nikashika ukuta. Baba hakuniita. Nilimsikia akimwambia bibi ageuke kidogo, polepole, na bibi akiomba radhi kwa uchafu. Nilivuta pumzi, nikarudi ndani, nikamshikia baba beseni.