Mjumbe wa Tano wa Kamati ya Makaa ya Mawe

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, babu yangu Kivuti husukutua kinywa kwa maji ya majivu nyuma ya jiko na kutema hadi koo limkauke. Nyanya Wanjira humwacha amalize ndipo amletee chai.

Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ilikuwa ikitafuta makaa ya mawe karibu na Gachoka. Wanawake wa kijiji chetu, kilichozungushiwa seng'enge kwa amri ya serikali, walilazimishwa kubeba udongo kutoka shimoni, nyanya akiwa miongoni mwao. Ukuta wa shimo ulikuwa na ufa. Ni kamati ya wajumbe watano tu iliyoweza kusimamisha kazi, na kwa sheria, kiti kimoja kilikuwa cha mtu aliyewahi kuchimba chini ya ardhi. Kilikuwa wazi. Babu alikuwa amechimba dhahabu Kakamega ujanani, akaenda kukiomba.

Mwenyekiti, Gitari, alikuwa mwuza nyama. Wajumbe wengine walikuwa shemeji zake.

"Kuchimba umechimba," alisema huku akichokonoa meno. "Lakini huna cheti cha utiifu. Nenda ukatapike kiapo kwanza."

"Sikula kiapo cha waasi wa msituni, mzee. Kanisa lote linajua nilipigwa kwa kukataa."

"Basi tapika hicho ulichokataa. Ama mkeo aendelee kubeba."

Shemeji zake walicheka.

Jumamosi, mbele ya kijiji kizima na wazee wa kanisa, babu alikiri kiapo ambacho hakukila. Mganga wa kienyeji, aliyelipwa na serikali kutapisha watu viapo, alimlambisha uchafu wa tumbo la mbuzi uliochanganywa na nyongo, akatapika mpaka akaanguka juu ya matapishi yake. Wajumbe walikuwa pembeni wakila nyama ya mbuzi yuleyule.

"Mwongezeeni," Gitari aliita, mafuta yakimtiririka kidevuni. "Huyu ni mjumbe."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa ya mwisho ya kuwa mjumbe. Alipewa cheti.

Katika kikao chake cha kwanza, babu alitaka shimo lifungwe. Wanne walikataa, na Gitari akafunga mkutano nyama isipoe. Lakini sheria ilisema mjumbe akikagua, wafanyakazi wote hutoka. Babu akashuka, akaketi chini ya ufa hadi jioni. Kesho yake akashuka tena.

"Kivuti, umehamia huko?" Gitari alimwita kutoka juu. "Nikuletee kitanda?"

"Leta. Na uje unitandikie."

Aliendelea hivyo mpaka mvua zikaanza. Ukuta uliporomoka alfajiri moja, shimoni hamna mtu. Makaa ya mawe hayakupatikana, hata ya kuchemshia chai. Kanisani babu alikatazwa meza ya Bwana. Kwa wazee, alikuwa mtu aliyekula kiapo kwa siri, kisha akalamba uchawi hadharani. Hajarudishiwa hadi leo.

Nilimuuliza babu swali moja tu: "Guka, ungejua watakufukuza kanisani, ungelamba?"

"Ningelamba. Wanjira alikuwa shimoni."